Adui Anasema Kweli, Steringi Analinda Mali

Katika Spider-Man: Homecoming, filamu ya 2017, kuna mazungumzo mafupi ambayo yangetosha kuwa somo la kwanza la uchumi wa kisiasa. Adui wa filamu, Adrian Toomes, yuko bohari, na kijana Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man, amemfuata huko kumkamata. Toomes hamrukii. Anamuuliza: unadhani huyo rafiki yako Tony Stark, yule bilionea shujaa, alipata wapi fedha za kujengea ghorofa lake? Kisha anamweleza kwamba wakubwa wale hufanya watakalo, na kwamba watu kama sisi, mimi na wewe, ndio tunaowajengea barabara, tunaowapigania vita vyao, tunaozoa uchafu wao na kula makombo ya meza yao. Kijana anasikiliza. Mtazamaji naye anasikiliza, maana hapo hakuna neno la uongo.

Ghafla mabawa ya chuma ya Toomes yanaingia kwa kasi, yanakata nguzo moja baada ya nyingine, na paa linamwangukia Peter. Kumbe ilikuwa hila. Toomes alikuwa anavuta muda tu, mashine yake ipate kuruka.

Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mzima, na kila mara nakwama palepale. Waandishi wangeweza kumpa Toomes porojo yoyote ya kuvutia muda. Wakampa ukweli. Ukweli wa kitabaka umeruhusiwa kusemwa, tena kwa sauti na kwa lugha nyepesi, kwa sharti moja: anayeusema awe anadanganya.

Tumtazame vizuri Toomes. Mwanzoni ni mkandarasi mdogo aliyepewa na jiji kazi ya kuzoa vifusi, baada ya mashujaa kupigana na wavamizi kutoka anga za mbali katikati ya New York. Amenunua malori, ameajiri watu, amehatarisha hata nyumba yake kwa matumaini. Siku moja wanafika maofisa wenye suti na kutangaza kwamba kazi hiyo sasa ni ya chombo kipya, ubia wa serikali na kampuni ya Stark. Yaani walioshiriki kubomoa ndio watakaolipwa kusafisha. Toomes anabaki na madeni, pamoja na vipande vichache vya teknolojia alivyokwisha kupakia. Maskini haokoti, na akiokota huambiwa ameiba. Sijui methali nyingine inayoieleza filamu hii kwa usahihi zaidi.

Lakini uchambuzi wa kitabaka hauishii kwenye huruma. Toomes si kibarua. Ni bepari mdogo, wa lile kundi ambalo Karl Marx na Friedrich Engels, waasisi wa nadharia ya kikomunisti, walilieleza mwaka 1848: wenye mtaji kiduchu, wanaozama mmoja mmoja kwa kuwa hawawezi kushindana na mtaji mkubwa. Hasira yake ni ya mtu aliyesukumwa kutoka mezani. Kwamba meza yenyewe ni ya nani, hilo hajauliza. Anapoanza kuuza silaha anabaki bosi yuleyule, na mtu wake anapofukuzwa kazi na kutishia kutoboa siri, Toomes anamgeuza majivu. Hotuba ya "watu kama sisi" imewekwa kinywani mwa mwajiri. Waliokuwa wakibeba vyuma hawakuulizwa neno.

Na Peter? Kijana wa familia ya kawaida pale Queens, New York, anavalishwa suti iliyotengenezwa na bilionea, na kilele cha filamu ni yeye kuning'inia kwenye ndege ya mizigo ili vifaa vya bilionea huyo visiibwe. Hapo ndipo anapothibitisha ushujaa wake. Mlinzi wa usiku hufanya kazi hiyohiyo, ila yeye hulipwa. Peter akiulizwa anapotelea wapi kila jioni, hujibu kwamba yuko kwenye mafunzo ya kazi kwa Stark. Filamu inataka tukichukue hicho kuwa kisingizio. Mimi naona ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote anazosema.

Peter wa mwaka 2004 aliishi dunia nyingine kidogo. Spider-Man 2 inaanza kwa yeye kufukuzwa kazi ya kupeleka piza. Mwenye nyumba anamdai kodi kila anapofungua mlango. Shangazi yake ananyimwa mkopo benki na kupoteza nyumba. Picha anazopiga anamuuzia mhariri wa gazeti, moja moja, kwa bei anayoitaka mhariri. Marx alitenga sura nzima ya kitabu chake Das Kapital, mwaka 1867, kuzungumzia ujira wa aina hii, unaolipwa kwa kipande, akasema ndio unaoufaa ubepari kuliko wote kwa sababu mfanyakazi hujiharakisha mwenyewe bila kusimamiwa. Katika filamu hiyohiyo Peter anasimamisha treni kwa mikono yake, lakini nguvu hizo hazina mnunuzi. Sokoni kinachouzika ni saa zake, na saa hizo hana. Ninaipenda filamu ile hadi leo kwa sababu hiyo moja: nguvu za ajabu zinamfanya awe maskini zaidi.

Wapo watakaosema kumleta Marx kwenye sinema za majoho ni kumvuta mzee ndevu. Ukweli ni kwamba alishaifanya kazi hii kabla ya sinema kubuniwa. Kati ya 1842 na 1843 gazeti moja la Paris lilichapisha kwa mfululizo riwaya ya Eugène Sue, Les Mystères de Paris, na wasomaji waliisubiri kama watu wanavyosubiri tamthilia. Steringi wake ni Rodolphe, mtawala wa kijimbo cha kubuni cha Kijerumani. Ni tajiri, ni hodari wa ngumi, na huvaa nguo za kibarua akazunguka vichochoro vya makabwela akiwaadhibu waovu na kuwatuza wema. Jambazi mmoja sugu, Rodolphe anaamuru apofushwe macho, bila mahakama wala hakimu. Mvike Rodolphe barakoa yenye masikio ya popo na hutahitaji kubadili mengi.

Mwaka 1845, katika kitabu alichotoa pamoja na Engels, Die heilige Familie, Marx alitumia kurasa nyingi kumshughulikia mtu huyu. Kilichomkera zaidi ni namna maskini walivyogeuzwa malighafi: mateso yao yapo ili Rodolphe apate nafasi ya kuwa mwema, na hisani yenyewe ina ladha ya mchezo wa mtu aliyechoshwa na starehe za kawaida. Rodolphe anaanzisha shamba la mfano na benki ya kuwakopesha wasio na kazi. Marx akaipigia hesabu benki hiyo kama karani, akaonyesha kwamba haiwezi kuwafikisha mbali wahitaji wa sehemu moja tu ya jiji.

Bruce Wayne, bilionea ambaye usiku ndiye Batman, ni mjukuu wa Rodolphe. Katika Batman Begins ya 2005 tunaambiwa kwamba baba yake, daktari na bilionea, alijenga reli ya bei nafuu kwa ajili ya watu wa mji, kisha akauawa uchochoroni na mtu mwenye njaa. Hisani imelipwa kwa risasi. Hilo lingekuwa la kawaida kama filamu isingeamua kutueleza pia kwa nini mji wa Gotham ulikuwa na njaa. Jibu lenyewe linachekesha ukilitafakari: kikundi cha siri, chenye makao milimani, kilitumia uchumi kama silaha ili kuuangusha mji. Umaskini wa mamilioni ya watu umeelezwa kuwa ni njama.

Hapa ndipo mawazo ya Marx yanapoachana kabisa na ya Gotham. Kwa Marx, mdororo wa uchumi hauhitaji mtu mbaya. Viwanda vinafanya kazi yake sawasawa, wenye mitaji wanatafuta faida kama kawaida, bidhaa zinajaa maghalani, na wanaozitengeneza hawana fedha za kuzinunua. Hakuna aliyemwaga mchanga kwenye mtambo. Gotham inahitaji mmwaga mchanga, kwa sababu mtu anaweza kupigwa ngumi na mtambo hauwezi.

Na fedha za Batman zenyewe? Filamu zinatuonyesha gari linavyoruka, joho linavyogeuka bawa, chuma kinavyozuia risasi. Vitu hivyo ni mabaki ya miradi ya kijeshi ya kampuni ya Wayne, vilivyokuwa vimelala stoo, na mwenye kampuni anavichukua bila kusaini popote. Yuko mtu mmoja tu anayeuliza. Katika The Dark Knight ya 2008, mwanasheria mmoja aitwaye Reese anapekua makabrasha, anaona michoro ya gari na fungu kubwa lisiloeleweka la utafiti, anaunganisha mambo. Mfanyakazi wa ofisini, kwa kusoma vitabu vya hesabu tu, amegundua kile ambacho polisi wote wa mji hawakukiona. Filamu inamfanya nini mtu huyu makini? Inampa tamaa: anadai dola milioni 10 kila mwaka maisha yake yote, tunamcheka, na baadaye anabaki kuwa mtu wa kuokolewa na huyohuyo tajiri. Aliyeuliza hesabu za kampuni amegeuzwa mlaghai kabla hatujapata muda wa kuuliza naye.

Mtindo ni uleule wa Toomes, na katika The Dark Knight Rises ya 2012 unapanuliwa hadi kuwa mji mzima. Septemba 2011 waandamanaji walikuwa wamepiga kambi karibu na Wall Street wakisema wao ni asilimia 99. Chini ya mwaka mmoja baadaye Bane, adui wa filamu hiyo, alikuwa kwenye kioo akivamia soko la hisa, akifungua gereza, akiwaambia wananchi wauchukue mji wao. Sitadai kwamba filamu iliandikwa kuwajibu waandamanaji wale, kwani matayarisho yake yalianza mapema. Lakini haikuhitaji kuwajibu. Jibu lilikuwapo tayari: mapinduzi ya Bane ni danganya toto, ana bomu la nyuklia litakaloulipua mji siku ikifika, na maneno yote ya kuwapa watu mji wao yalikuwa ya kuvuta muda. Ni bohari ya Toomes, safari hii likiwa na wakazi wa jiji ndani yake.

Kuna dakika moja nzuri humo. Selina Kyle, mwizi aliyewahi kumwonya Wayne kwamba dhoruba inakuja, anasimama ndani ya jumba la tajiri lililoporwa na kusema hapa palikuwa nyumbani kwa mtu. Rafiki yake anamjibu kwamba sasa ni kwa kila mtu. Basi. Huo ndio mjadala wote wa umiliki wa mali tunaopewa kwa karibu saa tatu, na uso wa Selina umeshatuelekeza upande wa kukaa. Wakazi wengine wako wapi kwa miezi yote ile? Nani anaoka mikate, nani anazoa taka, nani anawasha mitambo ya maji? Hatuoni mkutano wa mtaa hata mmoja. Tunaona mahakama ya vichaa, na mwishoni tunaona maelfu ya polisi wakitoka chini ya ardhi na kuandamana kwa safu kurudisha mji kwa wenyewe.

Joker ya 2019 ilipotoka, wengi walisema hatimaye maskini amepewa filamu yake. Wana haki kiasi. Arthur Fleck, ambaye ndiye anayekuja kuwa Joker, anapoteza dawa na ushauri kwa sababu bajeti ya huduma za jamii imekatwa, na filamu haimlaumu yeye kwa hilo. Afisa wa ustawi anayemhudumia anamwambia, kwa uchovu, kwamba wakubwa hawamjali mtu kama Arthur, wala hawamjali mtu kama yeye afisa. Kwangu hiyo ndiyo dakika ya kitabaka kuliko zote katika filamu za aina hii: watu wawili, kila mmoja upande wake wa meza, wanatambua kwamba wamesimama upande mmoja. Inapita upesi na mwanamke yule harudi tena.

Kinachobaki ni bastola na barakoa. Hasira ya mji inamsubiri kichaa mmoja aanze kuua ndipo ijue kwamba ni hasira. Na kuna jambo ambalo sikuliona mara ya kwanza. Filamu inaanza na redio ikitangaza mgomo wa wazoa taka. Mji umejaa mifuko ya uchafu, panya wanatembea. Kumbe Gotham wapo wafanyakazi waliokubaliana, wakaweka zana chini, wakausimamisha mji bila kumpiga risasi mtu! Kamera haiwatafuti. Mgomo wao tunaujua kwa harufu tu.

Mwaka 1852 Marx aliandika kuhusu wakulima wadogo wa Ufaransa waliompa madaraka Louis Bonaparte. Aliwafananisha na viazi ndani ya gunia, vilivyo pamoja bila kushikamana. Watu wa namna hiyo, alisema, hawawezi kujiwakilisha, kwa hiyo mwakilishi wao hana budi kuonekana vilevile kama bwana wao, mwenye mamlaka yasiyo na mipaka, anayewalinda na tabaka nyingine na kuwaletea mvua na jua kutoka juu. Sijapata maelezo bora kuliko hayo ya kinachotokea umati unapoinua vichwa kuangalia angani. Filamu za mashujaa zinahitaji gunia. Watu wakishikana, steringi hana kazi.

Black Panther ya 2018 nilitaka iniponyoke mkononi, kwa sababu ni nzuri na kwa sababu iliwapa fahari watu wengi waliokuwa wanaisubiri. Haiponyoki. Killmonger, mtoto aliyeachwa Oakland baada ya baba yake kuuawa na ndugu yake mfalme, anauliza swali lisilojibika: mlikuwa na uwezo wote huu, mbona mlikaa kimya wenzenu wakiteswa? Ili tusimwelewe kupita kiasi, anamuua mpenzi wake, anachoma bustani takatifu. Mpambano wa mwisho unafanyika ndani ya mgodi wa vibranium, madini ya kubuni ambayo ni chanzo cha utajiri wote wa Wakanda, nchi ya mfalme huyo, na hatujuzwi jina la mchimbaji hata mmoja. Kisha mfalme anakwenda Oakland, ananunua majengo ili yawe kituo cha kusaidia jamii. Rodolphe na shamba lake la mfano, miaka 175 baadaye.

Thanos, adui mkuu wa filamu za Avengers, hatutamkalia sana. Ana vito vya kuamrisha chochote kilichopo, na anachoamrisha ni nusu ya viumbe wafe ili chakula kitoshe. Mchungaji Malthus alitoa hoja ya namna hiyo mwaka 1798, na Marx alimjibu kwamba wanaoitwa wamezidi, wamezidi mahitaji ya mtaji, si mahitaji ya dunia. Ajabu ni kwamba wanaompinga Thanos wanampinga kwa ukatili wake tu. Hesabu yake hawaigusi.

Haikuwa lazima mambo yawe hivi. Superman alipotokea mwaka 1938, akibuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland waliokulia katika mdororo mkubwa wa uchumi wa Marekani, maadui zake walikuwa wanasiasa wala rushwa, waume wapigao wake, na matajiri. Katika toleo la tatu anawashusha mwenye mgodi na wageni wake wa tafrija chini ya ardhi na kuwafungia humo, waonje wanachokionja wachimbaji. Mwanzoni mwa 1939 anabomoa mtaa mzima wa mabanda ili serikali ilazimike kujenga nyumba za maana. Miaka mingi haikupita, akawa mlinzi wa benki. Umberto Eco, mwandishi wa Italia, alilisema mwaka 1962: huyu mtu angeweza kuzalisha utajiri wa kuilisha dunia kwa dakika chache, lakini uovu pekee anaouona ni wizi wa mali ya mtu, na wema pekee anaoujua ni sadaka.

Siegel na Shuster wenyewe waliuza haki zote za Superman kwa dola 130. Ilipofika 1975, baada ya kelele nyingi hadharani, ndipo kampuni iliyokuwa ikimmiliki ikakubali kuwalipa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kurudisha majina yao. Bill Finger, aliyemtengeneza Batman pamoja na Bob Kane, alifariki mwaka 1974, na jina lake likaanza kuandikwa rasmi mwaka 2015. Thamani ya ziada, ile anayoizalisha mfanyakazi ikabaki kwa mwenye mtaji, haikuhitaji kufichwa kwenye kitabu cha nadharia. Ilikuwa pale kwenye jalada, mahali ambapo jina la mtu halikuwapo.

Disney waliinunua Marvel, kampuni ya akina Iron Man na Black Panther, mwaka 2009 kwa takriban dola bilioni 4. Avengers: Endgame peke yake, miaka 10 baadaye, iliingiza zaidi ya bilioni 2.7 katika majumba ya sinema. Mwaka 2023 waandishi wa Hollywood waligoma, waigizaji wakagoma, na mwezi Septemba kikosi cha Marvel cha picha za kompyuta, wanaochora miali, vifusi na majoho yanayopepea, kikapiga kura kujiunga na chama cha wafanyakazi, IATSE. Hakukuwa na kura hata moja ya kupinga.

Tangu Iron Man ya 2008 watazamaji wamezoea kutoondoka filamu inapokwisha. Taa zinawashwa nusu, majina yanaanza kupanda kwenye kioo: mafundi umeme, washonaji, madereva, wapishi, wachoraji wa kompyuta kwa mamia, kampuni moja baada ya nyingine, dakika tano, dakika nane. Watu wamekaa, hakuna anayesoma. Wanasubiri steringi arudi kwa nusu dakika.